Nyota tano mlangoni, mama anaoza kitandani: msidanganyike na alama za nyumba za wazee Marekani

Wakuu, nimetoka shifti ya usiku saa moja asubuhi, sijalala, na silali mpaka nimalize kuandika haya. Nina hasira. Jina la kituo silitaji kwa sababu malalamiko yangu yako mezani kwa wakaguzi wa jimbo, lakini kilichotokea nitakisema chote.

Mama ana miaka 78. Mwezi wa pili kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Alilazwa siku sita. Siku ya sita, saa saba mchana, ofisa ustawi wa hospitali akaja na karatasi yenye vituo kumi na viwili, kila kimoja na nyota zake pembeni, akasema kitanda kinahitajika, nichague kabla ya saa kumi. Saa tatu za kuamua nani atamwosha mama yangu! Nikachagua chenye nyota tano. Nani angechagua vingine?

Kabla hamjanirukia kwamba nimemtupa mzazi kwa wazungu: mama hasimami. Kumtoa kitandani kunahitaji watu wawili au mashine. Mimi na mke wangu tunabeba boksi kwa kupokezana, akirudi mimi natoka. Angekuwa Korogwe wangekuwepo mashangazi, wajukuu na majirani. Huku tuko wawili tu. Hilo nimelijibu, naomba tusilirudie.

Siku ya kwanza palikuwa pazuri. Piano ukumbini, samaki kwenye tangi la kioo, sakafu inang'aa, dada wa mapokezi anamwita mama kwa jina lake. Nikaondoka nimetulia. Jumapili ya kwanza nikaenda bila kusema. Saa sita mchana mama bado yuko na gauni la kulalia, pampasi imejaa mpaka shuka limelowa, jagi la maji limewekwa upande wa kulia, upande ambao mkono haufanyi kazi. Midomo imepasuka. Nikabonyeza kengele nikaangalia saa. Dakika 47. Aliyekuja ni binti wa watu anatiririka jasho, akaniambia yuko peke yake kwenye korido nzima, mwenzake hakutokea. Sikumgombeza. Namjua yule binti, maana yule binti ni mimi.

Ndiyo, wakuu, mimi ni CNA, msaidizi wa nesi mwenye cheti. Mwaka wa tisa huu nageuza wazee wa watu, kwenye kituo kingine. Kwa hiyo nilipomgeuza mama siku hiyo nikaona ngozi ya kifandugu imekuwa nyekundu na ukiibonyeza haibadiliki kuwa nyeupe, nilijua naangalia nini. Hiyo ni hatua ya kwanza ya kidonda cha kulalia. Hatua ya kwanza unaimaliza kwa kitu kimoja: kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili na kumweka mkavu. Nikamwambia nesi wa zamu, akaandika. Nikaomba godoro la upepo, wakasema wameagiza. Wiki tatu baadaye godoro halijafika na kidonda kiko hatua ya tatu, unaona mafuta ya chini ya ngozi. Kwa mama yangu. Mwanamke aliyenibeba mgongoni akienda shamba.

Sasa sikieni kilichonitoa machozi. Nikaomba kumbukumbu zake zote, ni haki ya mgonjwa na familia anayoiruhusu. Nikakaa nazo mezani usiku. Alhamisi moja mimi mwenyewe nilimchukua mama kwa gari la viti vya magurudumu kwenda kwa daktari wa macho. Tulitoka saa tano asubuhi, tukarudi saa tisa alasiri. Mchana alikula ndizi za nazi alizopika mke wangu, nikimlisha kwa kijiko. Chati ya kituo siku hiyo inasemaje? Saa sita: amegeuzwa. Saa nane: amegeuzwa. Chakula cha mchana: amekula asilimia 75. Mtu hayumo ndani ya jengo, amegeuzwa mara mbili na amekula chakula chao!

Na kwenye safu ya maumivu, kila siku, sifuri. Mama hajui Kiingereza. Alikuwa anasema "inawaka, mwanangu, inawaka", wao wanaandika hana maumivu. Kituo kinachopokea pesa za serikali kuu kinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, hata kwa simu. Simu ile haikupigwa hata mara moja. Nilimuuliza mkuu wa wauguzi, akajibu mama "huwa anatabasamu". Wanawake wa umri wa mama yangu wanatabasamu hata wakiwa na homa, ndivyo walivyolelewa.

Nilipolalamika kwa meneja, akanyoosha kidole kwenye cheti ukutani. Kituo chetu kina nyota tano. Hapo ndipo nikaamua kuzichimba hizo nyota.

Mfumo ulianza Desemba 2008, unaendeshwa na idara ya serikali kuu inayosimamia Medicare na Medicaid, yaani bima ya afya ya wazee na ile ya wenye kipato kidogo. Nyota zina mafungu matatu: ukaguzi, wafanyakazi na vipimo vya ubora. Nyota za jumla zinaanzia kwenye ukaguzi, halafu mafungu mengine mawili yanaongeza au kupunguza. Kituo cha mama kilikuwa na nne za ukaguzi na tatu za wafanyakazi, ambazo hazikuongeza wala kupunguza kitu. Vipimo vya ubora kilipata tano, na hizo ndizo zilizosukuma nne ikawa tano. Hivyo vipimo vinatoka wapi? Kwa sehemu kubwa vinatoka kwenye fomu ambazo kituo chenyewe kinajaza kuhusu wagonjwa wake: nani ana kidonda, nani ameanguka. Ile nyota ya tano iliyonifanya nisaini, waliijaza wenyewe!

Msidhani naongea kwa uchungu tu. Mwaka 2025 mkaguzi mkuu wa wizara yao ya afya alichukua wazee wa Medicare walioanguka vituoni, wakaumia vibaya na kulazwa hospitali, akalinganisha na fomu za vituo. Asilimia 43 ya maanguko hayo hayakuwa yameandikwa. Mtu kavunjika nyonga, kalazwa, kwenye fomu hakuna kitu.

Na nyota za ukaguzi zenyewe zinagawiwa kwa kulinganisha vituo vya jimbo hilohilo. Asilimia 10 ya juu wanapata tano, asilimia 20 ya chini wanapata moja, waliobaki wanagawana katikati. Jimbo zima likiwa bovu, bado kuna asilimia 10 watakaovaa nyota tano. Wakaguzi wanatakiwa kuja angalau mara moja ndani ya miezi 15, bila taarifa. Bila taarifa kwenye karatasi. Sisi tulio ndani tunajua miezi ikikaribia: ghafla kuna ovataimu ya kumwaga, mashuka mapya, mabosi wanatembea korido wakisalimia. Wakaguzi wakiondoka, tunarudi wawili kwa watu arobaini.

Sasa niseme na sisi wenyewe, maana Watanzania, Wakenya na Wakongo tumejaa kwenye hivi vituo. Zile tiki za uongo za "amegeuzwa" kwenye tableti anaweka nani? Tunaweka sisi. Nimeziweka mimi. Usiku una wazee 24 peke yako, 12 kati yao ni wa kugeuzwa. Kila mmoja ukimgeuza na kumbadilisha ni dakika kumi. Hiyo ni dakika 120, saa mbili kamili, na hujajibu kengele hata moja, hujampa mtu maji. Kazi haiwezekani, lakini tableti haikuruhusu kufunga shifti mpaka kila kisanduku kiwe na tiki. Ukiacha wazi unaitwa ofisini. Kwa hiyo unatia tiki, kituo kinapata nyota, na mtoto wa mtu anasoma nyota na kumleta mama yake. Nimeshiriki kutengeneza karatasi ileile niliyoishika hospitali. Tangu nione kidonda cha mama sijatia tiki ya uongo tena. Nimeshaitwa ofisini mara mbili.

Sheria ya kima cha chini cha wafanyakazi je? Serikali kuu inataka nesi msajiliwa awepo saa 8 kwa siku na nesi yeyote mwenye leseni saa 24. Kuhusu sisi tunaogeuza watu, hakuna idadi. Inasema tu "wa kutosha". Mwaka 2024 walitangaza kanuni ya saa 3.48 za matunzo kwa kila mzee kwa siku. Wenye vituo wakaenda mahakamani, 2025 jaji wa Texas akaifuta, mwaka huohuo Bunge lao likaizuia mpaka 2034. Mama hana mpaka 2034.

Wenye mzazi anayeingia kituo wiki hii, achaneni na nyota za jumla. Fungueni fungu la wafanyakazi. Takwimu zile zinatokana na orodha ya mishahara, kuzidanganya ni kazi zaidi, na tangu 2022 zinaonyesha pia saa za Jumamosi na Jumapili na wafanyakazi wangapi wameacha kazi ndani ya mwaka. Cha mama: zaidi ya nusu walikuwa wameacha. Ningeliangalia hilo tu nisingesaini.

Kisha ombeni ripoti kamili ya ukaguzi. Kituo kinatakiwa kuiweka mahali familia inaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Cha mama ilikuwa nyuma ya chombo cha maua. Kila kosa lina herufi, A mpaka L. Kuanzia G kuna mtu ameumia kweli, J mpaka L ni hatari ya maisha. Lakini someni hata D. Kituo cha mama kilikuwa na D ya vidonda vya kulalia mwaka uliotangulia: mtu mmoja, hajaumia, ila angeweza kuumia. Iliandikwa pale, mwaka mzima kabla mama hajafika.

Nendeni Jumapili jioni, msiende Jumanne saa nne asubuhi na mtu wa masoko. Bonyezeni kengele mkiwa na saa. Angalieni maji yako upande gani. Karatasi ya idadi ya wafanyakazi wa siku hiyo lazima iwe imebandikwa. Hesabuni watu koridoni mlinganishe. Kila jimbo pia lina mtetezi wa wazee walio vituoni, namba yake inabandikwa ukutani, hachukui hata senti. Mimi nilichelewa kumpigia kwa sababu nilijiona najua kazi. Alikuja siku ya tatu baada ya simu, na godoro la upepo likafika kesho yake.

Mama sasa yuko kituo kingine. Nyota tatu. Jengo la zamani, hakuna piano, kuna harufu ya supu ya kabichi. Nesi wa usiku amejifunza maneno matano ya Kiswahili na ameyaandika kwa kalamu nene juu ya kitanda: maji, choo, inauma, inawaka, nigeuze. Kidonda kimepungua upana, kina chake bado hakijapungua. Kukisafisha ni kila siku, na kila siku mama ananibana mkono mpaka wamalize.

Naomba wanaofanya kazi hizi, jimbo lolote, waweke hapa chini kitu kimoja tu: shifti yenu ya usiku, CNA mmoja ana wazee wangapi? Msitaje kituo. Wekeni namba.