Mshairi mmoja, majina matatu: lakabu za malenga wa Wales

Msomaji wa Tungo:
Wanajukwaa, salaam. Katika kusoma habari za washairi wa Wales nimekwama kwa mtu mmoja mwenye majina matatu. Alizaliwa mwaka 1887 akaitwa Ellis Humphrey Evans, watu wa kwao Trawsfynydd wanamkumbuka kwa jina la Hedd Wyn, na bado shairi lililompa ushindi mwaka 1917 liliwasilishwa kwa jina la Fleur-de-lis. Lakabu yake ya kimalenga ni ipi kati ya hayo mawili ya mwisho, na kwa nini moja halikutosha? Je, wanamuziki nao huwa na lakabu za namna hii?

Karani wa Mizani:
Ndugu, lakabu ni Hedd Wyn, yaani amani nyeupe au amani iliyobarikiwa. Fleur-de-lis lilikuwa jina la mashindano tu. Katika Eisteddfod, tamasha lao la ushairi na muziki, mshindani huwasilisha utungo wake kwa jina la kubuni ili waamuzi wasijue wanampima nani, na kazi ya jina hilo huisha siku ya matokeo. Moja humficha mtu, jingine humtambulisha.

Tarehe 6 Septemba 1917, mjini Birkenhead, mkuu wa malenga aliita jina la Fleur-de-lis, akaita tena, wala hakuna aliyesimama, kwa kuwa mshindi alikuwa ameuawa vitani huko Flanders tangu tarehe 31 Julai. Kiti cha ushindi kilifunikwa kitambaa cheusi, kisha kikapelekwa shambani kwa wazazi wake. Hata huyo aliyeita alijulikana kwa lakabu, Dyfed. Jina lake hasa lilikuwa Evan Rees.

Mpiga Zeze:
Wanamuziki wamo, tena sana. Wimbo wa taifa wa Wales ulitungwa Pontypridd mwaka 1856 na baba na mwanawe: maneno ni ya Evan James, sauti ni ya James James. Baba alijiita Ieuan ap Iago na mwana akajiita Iago ap Ieuan. Ukijua kwamba «ap» ni «mwana wa», kwamba Ieuan ni Evan na Iago ni James, utaona kuwa waliyarudisha tu majina yao katika Kiwelisi. Mtunzi Joseph Parry, aliyezaliwa Merthyr Tydfil mwaka 1841 na kuhamia Marekani angali mtoto, aliitwa Pencerdd America, na mpiga kinubi John Thomas akaitwa Pencerdd Gwalia. Pencerdd ni manju mkuu, na Gwalia ni Wales yenyewe.

Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni uhaba wa majina ya ukoo. Kina Jones, Evans, Davies na Williams ni wengi mno, hivyo kumtaja mshairi John Jones ni sawa na kutomtaja. Mmoja wao, mzaliwa wa Llanfair Talhaiarn, akawa Talhaiarn. Naye John Hughes akachukua jina la mto Ceiriog.

Karani wa Mizani:
Naongeza jambo moja, maana wengi hudhani sherehe zote hizi ni za kale. Gorsedd, baraza la malenga linalotoa lakabu rasmi, lilianzishwa mwaka 1792 kwenye kilima cha Primrose Hill, London, na mwashi wa mawe Edward Williams, ambaye kwa lakabu ni Iolo Morganwg, na ambaye alighushi hati nyingi bila haya. Mazoea yenyewe ya lakabu, hata hivyo, hakuyabuni yeye: Iolo Goch, yaani Iolo Mwekundu, alikuwa akitunga tangu karne ya 14.

Msomaji wa Tungo:
Nashukuru sana. Kumbe ndiyo maana nilimtafuta Talhaiarn chini ya herufi T bila kumpata. Narudi kwenye kina Jones.