Kigoma hadi Bagamoyo na Mji Mkongwe, siku nne: tuanzie wapi?

Mwana wa Katubuka

Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne hapa Kigoma, tunapanga kwenda pwani mwezi wa 7. Mama yumo, ana miaka 66 na ngazi zinamsumbua magoti. Tukishafika Dar tuna siku nne kamili kabla ya kugeuza. Hatufuati fukwe wala mahoteli, tunataka kuona Bagamoyo na Mji Mkongwe wa Unguja. Tupande treni au basi? Tuanze na mji upi? Bandarini sisi wa bara tunadaiwa nini? Na dumu la mawese la lita 10, zawadi ya wenyeji wetu, litapita? Habari za Livingstone na mwembe wake msihangaike kutuelezea, Ujiji tunaishi nayo mlangoni.

Reli ya Kati

Kwa mama mwenye magoti chukueni treni, mradi mkate behewa la kulala na kitanda cha chini kiwe chake. Kigoma mpaka Dar kwa reli ya zamani ni kama kilomita 1,250, na Tabora hamjafika hata nusu. Wengi siku hizi hushuka Dodoma wakamalizia kwa SGR, treni ya reli mpya ya umeme, ambayo ni saa tatu hadi nne tu mpaka Dar.

Wanapoharibu ni hapo Dodoma. Mtu anaona treni ya Kigoma imeandikwa kufika asubuhi, anakata SGR ya mchana huohuo. Reli ya zamani ni njia moja, treni husimama stesheni kungoja nyingine ipishe, na kuchelewa saa tano si ajabu. SGR haikungoji. Laleni Dodoma usiku mmoja. Stesheni zenyewe ni mbili tofauti, ya zamani iko katikati ya mji na ya SGR iko kwingine, kwa hiyo wekeni hela ya bajaji. Majina kwenye tiketi yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, maana mlangoni wanalinganisha. Treni ya Kigoma haitembei kila siku, hivyo anzeni na tarehe ya treni kabla ya kuomba likizo.

Mngesafiri Machi au Aprili ningewaonya zaidi. Kati ya Gulwe na Kilosa reli ya zamani inafuata bonde la mto Mkondoa, na mvua kubwa hubeba tuta. Ila ukishukia Dodoma, kipande hicho hukigusi.

Papasi Mstaafu

Anzeni Bagamoyo. Kwa mtu wa Ujiji ndiyo ncha ya pili ya barabara yenu: misafara ya Wanyamwezi ilishuka na pembe za ndovu kutoka Ujiji, ikapita Tabora, ikatua pale. Hata huyo Livingstone msiyemtaka alipita. Alikufa Mei 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakabeba mwili wake kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, wakapita Kwihara karibu na Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mnara wa kanisa dogo ulipolazwa bado umesimama kwenye misheni ya Roho Mtakatifu, na makumbusho yake yako hapohapo. Misheni yenyewe ni ya mwaka 1868.

Daladala na basi dogo za Bagamoyo zinaanzia kituo cha Makumbusho, Dar, zinapita Tegeta na Bunju. Ni kilomita 70 hivi, lakini foleni ya Tegeta huzigeuza saa mbili au zaidi. Ondokeni kabla ya saa 1 asubuhi.

Sasa jambo ambalo mtu wa ziwani halifikirii: bahari inaondoka. Kwenu ufuo husogea kwa miaka, ndiyo maana mnara wa Livingstone wa Ujiji leo uko mbali na maji. Pwani unasogea kila baada ya saa sita na dakika chache. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanakupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa saa 10 jioni. Kila siku nyakati hizo zinasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo yamegeuka na hayapwi sana. Bagamoyo ufuo ni tambarare. Ukifika bamvua saa 4 utakuta matope, majahazi yamelala ubavu, bahari iko kule. Ukitaka kuona chombo kikiingia na kushusha mzigo, nenda maji yakijaa. Angalia mwezi kwanza, ndipo upange siku.

Na jahazi la mizigo la kuvukia Unguja kutoka hapo msipande, hata bei ikiwa nzuri. Rudini Dar mpande boti.

Mkaazi wa Shangani

Naongezea upande wa Unguja. Bandari ya boti Dar iko mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, si mbali na stesheni ya SGR. Tiketi nunueni dirishani au mtandaoni. Ukimpa kijana wa getini hela "akusaidie", umelipa zaidi. Boti ya kwanza ni saa 1 asubuhi na safari ni kama saa mbili. Mtanzania anabeba NIDA tu, inaangaliwa Dar na tena mkishuka Malindi, bandari ya Unguja. Ile bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni wa nje, haiwahusu.

Mwezi wa 7 ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Kwenda Unguja mawimbi yanakuja kwa nyuma, mnafika bila tabu. Kurudi mnayapiga kwa uso, na hapo ndipo watu wanatapika. Mama akae sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, chombo kinapocheza kidogo kuliko mbele. Dawa ya kichefuchefu anywe nusu saa kabla ya kuondoka. Akingoja mpaka tumbo limeanza kuvuruga, dawa inatoka nayo.

Njia za Mji Mkongwe ni tambarare, magoti hayatateseka. Shida ni ndani. Nyumba nyingi za zamani hazina lifti na ngazi zake ni kali, basi ombeni chumba cha chini kabla ya kulipa. Msishangae chumba kuwa kirefu na chembamba: dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mita tatu au pungufu, kwa hiyo upana wa chumba ulikatwa na mti. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mkiona ukuta unabanduka magamba na kutoa unga mweupe, mara nyingi mtu alipaka saruji juu ya chokaa. Chokaa hupumua, saruji inafungia unyevu na chumvi ndani mpaka ukuta unaoza.

Kwenye milango msipige picha na kupita. Tazameni mfaa, ule ubao uliosimama katikati penye kukutana mbao mbili, ndipo fundi alipomaliza ufundi wake. Kwenye miimo mtakuta mnyororo, mawimbi, samaki. Misumari mikubwa ya shaba ilikuja na mtindo wa Kihindi, hapa hapakuwa na tembo wa kuvunja milango.

Mkunazini, penye kanisa la Waanglikana, palikuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873. Mama aione ile sanamu ya watu watano shimoni, haina ngazi. Vile vyumba vya chini vina kimo kifupi na vidato vibaya, na wanahistoria wanabishana kama kweli viliweka watumwa, kwa hiyo asipoingia hajakosa kitu. Beit al-Ajaib la 1883 liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Liangalieni kwa nje. Nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, iko Shangani, unatazama mlango tu. Forodhani vyakula vinaanza jua likizama. Ulizeni bei kabla mshikaki haujagusa moto.

Mwana wa Katubuka

Shukrani sana wakuu. Kaole tukapaone, au ni magofu tu?

Papasi Mstaafu

Ni magofu, na ndiyo maana mwende. Ni kilomita tano kusini ya mji, pikipiki au bajaji, na mwelewane na dereva awangoje. Kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Kwenye nguzo kulipachikwa bakuli za Kichina, yaliyobaki ni matundu. Nendeni kabla ya saa 4, hakuna kivuli cha maana. Anayewaongoza akiwaambia jina Bagamoyo lina maana moja tu, mwacheni aseme. Kwa wengine ni bwaga moyo ya mpagazi aliyefika, kwa wengine ni ya mtumwa aliyekata tamaa, na ubishi huo hamtaumaliza kwa siku moja.

Mama Dagaa

Mmemsahau mtu wa mawese. Kigoma asubuhi yanaweza kuwa yameganda ukadhani dumu limefungwa vizuri. Yakifika joto la pwani yanayeyuka yote na kupita kwenye nyuzi za kifuniko. Usijaze mpaka shingoni, acha vidole vinne. Weka nailoni mbili juu ya mdomo ndipo ukaze kifuniko, kisha dumu liingie kwenye ndoo yenye mfuniko, lisimame wima safari nzima. Lita 10 gawa madumu mawili ya 5, moja likivuja hujapoteza yote. Dagaa wakavu na migebuka waacheni. Kwenye behewa la Kigoma hakuna atakayewauliza, ila SGR na boti mizigo inakaguliwa na harufu ile haijifichi.