Huyu bwana wa kikombe cha chai, hivi kwao hakuna meza??

Mtoto_wa_Januari (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku, za kwangu mbaya. Naandika nimekaa kwenye ngazi, kitabu nimekipakata kama mtoto mwenye homa, mkono mmoja simu mkono mwingine draya ya nywele ya wife. Yeye keshalala, kaniambia ukimaliza kumlilia huyo Mzungu wa kuchorwa uzime taa.

Mtu simtaji. Mnamjua. Yule wa "napita tu mara moja" halafu anaondoka saa sita na ndoo ya biriani. Yule ambaye kwenye michango huwa anatoa ahadi. Basi.

Leo tulikuwa na kikao cha harusi hapa kwangu Leicester, Uingereza, mambo yameisha vizuri, watu wanakunywa chai, mmoja akaona shelfu yangu ya vile vitabu vya katuni vya mwaka, vya jalada gumu. Mnavijua nyie mliokulia huku, Beano, Dandy, Whizzer and Chips, vile wenzetu walikuwa wanawekewa kwenye soksi Krismasi. Mjadala ukawaka, kila mtu achague kimoja, nyumba inaungua unatoka na kipi? Raha tupu, watu wazima na vitambi vyao wanagombania Beano na Dandy.

Mimi nikatoa Dandy yangu ya 1986. NIKAIFUNGUA MWENYEWE, hilo ndilo kosa langu nalikiri mbele yenu, nikaiweka kwenye stuli wazi kabisa kwenye ukurasa wa Desperate Dan, lile jitu linalokula pai ya ng'ombe mzima na pembe zake, nikasema tazameni hapa. Naona mkono unakuja. Una kikombe. Nikadhani unapita.

Haukupita wakuu. KIKOMBE KIKATUA JUU YA DESPERATE DAN.

Chai ya maziwa, ya moto, imejaa mpaka mdomoni. Na hakukitua kwa bahati mbaya, alikitafutia sehemu iliyo sawa!! Alikisogeza kidogo kushoto!! Nikabaki mdomo wazi, naye ananitazama usoni anasema "si makatuni tu haya, na hilo Dandy si lilishakufa?"

Si makatuni tu haya.

Ngoja niwaelezee niliyotendewa. Tulifika kutoka Tanga mwaka 1985, baba anafanya shifti ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, Krismasi si yetu, lakini mzee alikuwa hapitwi na punguzo. Vile vitabu vinatoka kabla ya Krismasi vikiwa vimeandikwa mwaka unaofuata, Januari ikiingia havina mwenyewe, bei inaanguka. Akaja nacho alfajiri ndani ya mfuko wa mikate, stika ya bei ya Januari juu yake, ipo mpaka leo. Mimi nilikua najua wenzangu ndio wamekosea, wanasoma kitabu cha 1986 mwaka haujafika! Kiingereza changu cha kwanza ni cha humo, nilimuuliza mwalimu wa chakula cha mchana mbona hamna pai ya ng'ombe yenye pembe.

Na mduara wa chai umetua wapi? JUU YA PAI YENYEWE. Pembe moja imezama. Nimekausha saa nzima na bado ukurasa unanukia iliki.

Kuhusu kwa nini Dandy ni bora kuliko Beano nitaeleza siku nyingine, saa hizi mkono unatetemeka. Kikombe jamani. Alikisogeza kushoto.

---

Kamanda_Luton: Uzi bila picha ni hadithi ya sungura. Weka mduara tuuone.

Mama_Wawili: Pole baba. Ila mtu mzima na draya saa saba usiku unamkausha Desperate Dan 😂😂😂 mkeo ana subira, mpe maua yake.

Mwana_Kinondoni: Nimemjua kwenye mstari wa "ndoo ya biriani". Kwangu alikuja na ndoo yake mwenyewe.

Mtoto_wa_Januari: Umeona? Halafu kuna watu wanasema namsingizia.

Kamanda_Luton: Hakuna aliyesema unamsingizia mkuu, uzi una dakika nne.

Beano_Damu: Naongea ukweli uchungu. Kikombe kilichagua sehemu sahihi. Dandy ilianza Desemba 1937, Beano ikaja Julai 1938, mdogo mtu, na bado mdogo ndiye anauzwa dukani kila wiki mpaka leo wakati kaka yake walimzika tarehe 4 Desemba 2012 siku ya birthday yake ya 75. Sisi tuna Dennis the Menace na mbwa wake Gnasher, nyie mna jitu zima linanyolea ndevu bomba la gesi linalowaka moto.

Mtoto_wa_Januari: Kitabu cha mwaka cha Dandy KINATOKA MPAKA LEO. Gazeti la wiki ndilo liliacha kuchapwa. Ndivyo alivyosema na yeye, "lilishakufa", huku kikombe kiko juu ya pai. Wewe ni yeye?

Beano_Damu: Mimi niko Cardiff mkuu, na chai nilishaacha, sukari.

Msee_wa_Peckham: Aki Dandy ilikuwa na Bananaman bana, mtoto anakula ndizi moja anakuwa superhero. Sasa fikiria huyo mtoto angekuwa wa Kisii.

Nshomile_Slough: Kisii wapi, mlete Bukoba. Sisi tunakula mkungu mzima na hakuna aliyepaa.

Msee_wa_Peckham: Ni vile nyinyi mnazipika 😂

Bi_Mkubwa_Reading: Wanangu mnagombania vitabu vya fujo na vitoto vitukutu. Kitabu cha mwaka chenye adabu ni Rupert. Chini ya kila picha kuna mistari miwili ya vina kama utenzi, mtoto analala na heshima zake. Kinatoka tangu 1936, hata vita havikukikatiza. Na kulikuwa na kurasa za kupaka maji tu, brashi na maji matupu, rangi zinatokea zenyewe. Wanangu waliniua na maji kwenye zulia lakini nilinyamaza.

Kamanda_Luton: Shikamoo Bi Mkubwa. Rupert yule dubu wa suruali ya drafti?

Bi_Mkubwa_Reading: Marahaba. Huyo huyo. Na mnavyolia kikombe mimi nina la 1973. Kwenye majalada ya miaka ya nyuma uso wake ulikuwa wa kahawia. Mchoraji Alfred Bestall akachora jalada la mwaka ule kama kawaida yake, wakubwa wakaugeuza uso mweupe bila kumuuliza. Mzee wa watu akakasirika, hakuchora jalada tena. Zilizotoka na uso wa kahawia zinahesabika, ukiwa nayo unauza maelfu ya pauni. Mimi ninayo nyeupe.

Mwana_Kinondoni: Yaani dubu kapakwa mkorogo 😂😂😂😂

Mama_Wawili: Uingereza hii haijamwacha mtu salama. Hata dubu.

Mtoto_wa_Januari: Wakuu tusitoke kwenye mada. Mimi yangu ilikuwa kona haijakatwa. Mnajua wenzetu walivyokuwa wanakikata kile kipembe chenye bei ili anayepewa zawadi asione? Yangu iko nzima. Baba alitaka tuione bei.

Kamanda_Luton: Kona haijakatwa hiyo ni hela mkuu, wakusanyaji wanazitafuta. Kwa hali ilivyo andika tu "kona nzima, ina chai kidogo".

Mtoto_wa_Januari: Si chai kidogo!!! Ni mduara kamili, mwanzo mwisho, ungepima na bikari ungekaa.

Jock_wa_Tandika: Mimi nimekulia Glasgow na huku mambo ya Beano na Dandy ni ya kuzugia. Kitabu ni Oor Wullie, yule mtoto mtukutu anayekalia ndoo, na The Broons, familia moja ya Kiskoti, zamani zilikuwa zinapokezana, mwaka huu Wullie mwaka kesho Broons, unakaa miaka miwili unamngoja mtu aliyekalia ndoo. Yote Kiskoti kitupu. Nilivyohamishiwa shule London mwalimu akamuuliza mama kama nyumbani tunaongea Kinorwe.

Beano_Damu: Hii nimeicheka kwenye basi, watu wananitazama.

Binti_Ukerewe: Mimi malalamiko yangu yana uzito kuliko ya mwanzisha uzi. Nilikuwa na Bunty, gazeti la katuni la wasichana. Wasichana mnaikumbuka, The Four Marys shule ya bweni, mi nilikuwa namuomba mama anipeleke bweni akili zangu zote ni Bunty. Kwenye la kila wiki nyuma kulikuwa na mwanasesere wa karatasi na nguo zake za kukata, nilikuwa nazihifadhi kwenye kitabu cha mwaka zisikunjike. Kaka yangu akakata MWANASESERE KICHWA akambandika kichwa cha Roy, yule mwanasoka wa katuni wa Melchester Rovers. Yupo humu, anajifanya haoni.

Kakake_Binti: Tulikuwa tunahitaji golikipa.

Binti_Ukerewe: ANGALIA MAJIBU YAKE

Kakake_Binti: Nilikuwa na miaka saba. Na mkasi ulinipa wewe.

Mwana_Kinondoni: Mimi niliazimisha Whizzer and Chips, zile zilikuwa gazeti mbili ndani ya moja, wa Whizzer wanavamia kurasa za Chips, sasa rafiki akaazima kurasa za Chips tu, akazichomoa, akasema zako nimekuachia. Mpaka leo nina nusu. Na aliyeazima ni huyohuyo wa ndoo.

Mtoto_wa_Januari: HUYOHUYO!!! Nilisema mimi. Tabia haianzi kwenye kikombe.

Mpita_Njia: Mimi sina upande ila tuwe wakweli, kikombe kilikuwa na sosa, iliyovuja ni sosa, na aliyejaza chai mpaka ikamwagikia sosani ni mwenye nyumba mwenyewe. Na stuli ilikuwa moja watu kumi na wanne. Mgeni aweke wapi?

Mtoto_wa_Januari: Subiri kwanza. Sosa nimeitaja wapi mimi?

Kamanda_Luton: 👀

Mama_Wawili: Sogezeni viti.

Mtoto_wa_Januari: Mpita_Njia jibu. Sosa umeiona wapi?

Bi_Mkubwa_Reading: Kwani bado kuna watu wanatoa sosa? Mimi wakwe wanakuja nawapa magi tu, sosa zangu za arusi ziko juu ya kabati tangu Zanzibar.

Mama_Wawili: Bi Mkubwa zile za maua ya bluu? Kama huzitumii mimi nazihitaji, zangu zimebaki tatu.

Bi_Mkubwa_Reading: Za maua mekundu mwanangu. Njoo inbox.

Mtoto_wa_Januari: Jamani Mpita_Njia amenyamaza na nyie mnagawana vyombo.

Beano_Damu: Mkuu nunua nyingine kwenye maduka ya mitumba ya cheriti au masoko ya Jumapili ya mabuti ya magari, hizo Dandy za miaka ya 80 zimejaa kule.

Mtoto_wa_Januari: Ile ina stika ya baba.

Beano_Damu: Hapo sawa. Samahani.

Jock_wa_Tandika: Weka karatasi ya kunyonya katikati ya kurasa, juu pakia kamusi nzito, siku tatu usifungue. Draya acha, utakunja kurasa.

Mtoto_wa_Januari: Asante mkuu. Nimezima. Ila alikisogeza kushoto, hilo siwezi kusahau.

Kakake_Binti: Samahani nje ya mada, kuna anayeenda Dar wiki ijayo? Nina mzigo mdogo, kilo mbili tu.

Mwana_Kinondoni: Naenda Alhamisi. Kilo mbili za mzani au kilo mbili zenu?

Kakake_Binti: Za mzani. Ni viatu vya mzee na vitamini.

Binti_Ukerewe: Usimchukulie! Kilo mbili zake mwaka juzi ilikuwa TV.