Kliniki ya ngozi yanisuta kwa mkorogo, kisha yaniandikia dawa iliyomo ndani ya mkorogo

Wanajukwaa wa Mombasa, naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilikwenda katika kliniki moja ya binafsi hapa mjini, inayojitangaza kuwa ya magonjwa ya ngozi, kwa sababu ya madoa ya kahawia yaliyonitoka mashavuni na juu ya mdomo nilipokuwa mjamzito, nayo yakakataa kuondoka baada ya kujifungua. Daktari alinitazama kutoka ng'ambo ya meza, pazia la dirisha likiwa limeshushwa, akaniuliza swali moja tu: "Mama, unatumia mkorogo gani?" Nilipojibu kwamba situmii krimu zozote za kujichubua, alitabasamu kama anayemsikiliza mtoto mwenye sukari mdomoni. Kisha akaniandikia tyubu yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja, nipake uso mzima asubuhi na jioni, bila kusema hadi lini.

Steroidi kali, klobetasoli na jamaa zake, ndizo hizo hizo zinazokorogwa kwenye vikopo vya kujichubulia. Hufifisha rangi kwa muda, lakini zikipakwa usoni mfululizo bila usimamizi hukondesha ngozi, huleta chunusi na kufanya mishipa midogo ya damu ionekane, na ukiacha ghafla uso huwaka. Yote yamenipata. Yaani nimesutwa kwa mkorogo, halafu nikauziwa kiungo chake kwa risiti.

Na hiyo fangasi aliiona wapi? Utangotango, fangasi ya ngozi ambayo kwa joto na unyevu wetu wa pwani ni jambo la kawaida, hutoa mabaka yenye vigamba vyembamba, hasa kifuani na mgongoni, na daktari akikwangua kidogo anaweza kuithibitisha kwa darubini. Huyu hakukwangua wala hakunigusa. Taa ya Wood, ile ya mwanga wa zambarau ya kuchunguzia ngozi, ambayo hulifanya baka la mbalanga (ngozi iliyopoteza rangi) ling'ae jeupe kama chaki, sikuiona. Najiuliza angemfanyia nini mtu mwenye baka lililopauka, ambaye lazima apimwe kama lina ganzi, maana ukoma unaweza kuanza hivyo.

Ukutani palikuwa na bango la magonjwa ya ngozi, na kila uso humo ulikuwa wa Mzungu. Kwenye ngozi yetu uvimbe hauonyeshi wekundu ule wa bango. Huwa zambarau, kijivu au weusi uliokoza. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari jijini London, Malone Mukwende, alishirikiana na wahadhiri wake kutoa kijitabu cha picha za dalili kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Ikiwa London waliona pengo hilo, Mombasa tunasubiri nini?

Jua halikutajwa kabisa. Madoa ya aina yangu, melasma, hukolezwa pia na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, hivyo anayesimama mchana akisubiri feri ya Likoni anahitaji krimu ya kinga yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwani ile isiyo na rangi haiuzuii vya kutosha.

Nimeiandikia kliniki hiyo nikidai faili langu na ada yangu. Hadi sasa ni kimya. Anayemjua daktari wa ngozi hapa Mombasa anayemsogeza mgonjwa dirishani, akamgusa na kumuuliza historia yake kabla ya kushika kalamu, tafadhali anielekeze.