Mawakala wa Las Vegas wanaouza "Grand Canyon" ya picha: tumepigwa mchana kweupe

Wakuu, salaam. Nilikuwa nasubiri hasira zipoe ndipo nifungue uzi huu. Hazipoi.

Mama yangu alikuja Dallas kutusalimia akitokea Moshi. Kabla hajarudi tukasema tumpeleke akaone Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, tupitie Las Vegas kwa kuwa nauli ya ndege ya huko ilikuwa nafuu. Wakala mmoja akatuuzia safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Tangazo lilikuwa na picha kubwa ya korongo, juu yake "Grand Canyon". Tukalipia ukoo mzima, bibi mpaka wajukuu.

Basi dogo likaenda saa mbili na ushei, tukashushwa. Binti yangu akauliza askari wa hifadhi wako wapi. Hifadhi za taifa za Marekani zina kijitabu cha watoto. Mtoto akikijaza, askari anamwapisha na kumpa beji ya Junior Ranger. Binti kaja na penseli zake kabisa. Hakuna askari, kwa sababu hakuna hifadhi.

Tulikuwa Grand Canyon West. Hiyo ni ardhi ya Wahualapai, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, nje ya Hifadhi ya Taifa ya Grand Canyon. Ule ukingo wa kusini wa kwenye kalenda, South Rim, uko kama kilomita 450 kutoka Las Vegas, saa nne na nusu hivi kwenda tu. Wakala anajua hilo. Anajua pia kwamba mgeni hajui, ndiyo maana neno "West" kwenye tiketi unalitafuta kwa tochi.

Sina ugomvi na Wahualapai. Ardhi ni yao, mto Colorado ni uleule, na korongo lao ni korongo kweli. Pale Eagle Point kuna mwamba uliokaa kama tai aliyekunjua mbawa, Mama aliukodolea macho mpaka tukamwita mara ya pili. Ada wanapanga wenyewe, kadi yangu ya mwaka ya hifadhi za taifa haina kazi kule, na wana haki. Ninayemlaumu ni aliyechukua hela yangu kwa picha ya mahali pengine. Umuuzie mtu Kilimanjaro, umpandishe Meru, akiuliza umjibu mlima ni mlima?

Halafu kuna daraja la kioo, Skywalk, lililofunguliwa 2007. Siku tuliyokwenda sisi simu na kamera zilikuwa marufuku kupanda nazo; ukitaka picha uliuziwa na wapiga picha wa palepale. Dereva alilijua hilo na safari nzima hakulitamka. Mama alifika mlangoni akagoma: "Mwanangu, sikuja Marekani kutembea hewani." Tiketi yake ikaenda na maji.

Tuliporudi nikawapigia simu. Dada wa watu akanijibu kwa adabu zote kwamba tulipelekwa Grand Canyon na tukaiona, hakuna cha kurudisha. Nikamuuliza picha ya tangazo imepigwa wapi. Kimya. Halafu eti "ni picha ya mfano". Nilimwonyesha picha hiyo mfanyakazi mwenzangu aliyewahi kuishi Flagstaff, mji wa Arizona, hakumaliza hata sekunde: Mather Point, South Rim.

Mnaopanga kwenda, hakikisheni South Rim imeandikwa kwenye tiketi. Wakikuahidi kukurudisha hotelini saa tisa alasiri, hiyo ni West. Kama mna wazee na watoto, laleni Williams au Flagstaff, miji ya upande wa South Rim, mtafika ukingoni asubuhi bila kuumizana mgongo.

Sasa wadau, kuna aliyewahi kurudishiwa pesa na benki iliyompa kadi kwa kesi ya namna hii? Tangazo ninalo, risiti ninazo. Na wale wa "mkuu ungesoma masharti" wapite kimya kimya. Nimeyasoma yote, hakuna mstari unaosema picha ni ya upande mwingine.