Mjadala: Tarehe ya kusoma iwe lazima kwa kila chanzo cha mtandaoni?

Hoja: wanafunzi wa saikolojia Uganda waandike tarehe waliyosoma kwenye kila anwani ya mtandao, au wafuate toleo la 7 la mwongozo wa kuandika marejeo wa APA, Chama cha Saikolojia cha Marekani (2019), linaloitaka tarehe hiyo kwa vyanzo vichache tu?

Mhadhiri, Kampala: Iwe kila chanzo. Mtahini hufungua kiungo miezi kadhaa baadaye, ukurasa umeshaondolewa. Kanuni moja humwokoa pia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asibahatishe.

Mkutubi, Gulu: Mwalimu, kwa heshima, ukurasa ukiondoka tarehe haiurudishi. Makala ya jarida yenye DOI, yaani namba ya kudumu ya makala mtandaoni, haihitaji tarehe, wala Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 iliyopakuliwa ULII, tovuti ya sheria za Uganda. Inahitajika kwa ukurasa uliojengwa kubadilika, kama ingizo la kamusi ya saikolojia ya APA, ambalo halina mwaka: andika "b.t." (bila tarehe), kisha siku uliyosoma. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, taja toleo lake, mfano 2024-01.

Kinachomsaidia mtahini ni nakala. Bandika anwani kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa ya Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, subiri, unakili anwani mpya. Ina tarakimu 14: 20240603091500 ni tarehe 3 Juni 2024, 09:15, na saa ni za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya Kampala kwa saa tatu, kwa hiyo Kampala ilikuwa saa sita na robo mchana. Ukishaiweka hiyo, APA haidai tarehe nyingine.

Mwanafunzi wa uzamili, Mbarara: Dada, bando nani analipa? Na kurasa za nywila hazihifadhiki.

Mkutubi, Gulu: Hifadhi kurasa zinazobadilika tu, ni chache. Makala uliyoitoa kwenye hifadhidata ya kawaida, isiyo na DOI, huandikwa kama ya karatasi, bila anwani.

Mhariri wa jarida, Jinja: Mnashindania tarehe na anwani zenyewe hazifunguki! Ukiwa umeingia kupitia maktaba ya chuo, anwani iliyo juu ya kivinjari mara nyingi hubeba jina la seva ya maktaba; msomaji wa nje ataombwa nywila. Halafu nukta. Andika https://doi.org/10.1126/science.aac4716 na uishie hapo. Ukiongeza nukta ya kufunga sentensi, inaweza kuhesabiwa ndani ya DOI na kiungo kikafa. DOI iliyokatika mwishoni mwa mstari kwenye PDF nayo hunakiliwa nusu. Kabla ya kukabidhi, bofya kila kiungo kwenye dirisha la faragha, bila akaunti ya chuo.

Mhadhiri, Kampala: Nukta na nakala nakubali. Ila mwaka wa kwanza hawatofautishi ukurasa unaobadilika na usiobadilika, kwa hiyo kwao tarehe ibaki.

Mkutubi, Gulu: Basi tuwafundishe kuuliza, "Nikirudi hapa mwakani, nitayakuta maneno haya haya?" Jibu likiwa hapana, nakala au tarehe. Likiwa ndiyo, DOI au anwani inatosha.

Mhadhiri, Kampala: Na wasipojua jibu?

Mkutubi, Gulu: Wahifadhi nakala.