Corolla 110 yenye 4A-GE: injini inacheza sana, nifunge maunti ngumu zote nne?

Blacktop_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 iliyokuja na injini yake ya 5A-FE, ya cc 1500. Mwaka jana niliitoa nikaweka 4A-GE ile ya kava jeusi, valvu 20, na giaboksi yake ya gia sita. Ukoo ni mmoja, kwa hiyo braketi zilikaa bila kuchomelea kitu. Kosa langu ni kwamba maunti, zile raba zenye chuma zinazoshika injini kwenye bodi, nilirudishia zile zile za zamani.

Sasa nikiondoka kwa nguvu injini inalala nyuma kama mtu aliyesukumwa kifuani. Bomba la eksozi linagonga boriti ya chini, ngo! Tairi za mbele zinadundadunda, na gia ya pili ukiiharakisha inagoma. Fleksi ya eksozi, kile kipande kinachonyumbulika, imepasuka mara mbili ndani ya miezi minne. Kuna jamaa ananiuzia seti nzima ya maunti za poliyurethani (plastiki kama mpira mgumu), ugumu 85A, na namba ikipanda ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Nifunge zote? Gari ni la kila siku, linapeleka watoto shule.

FundiMzee_Ilala
Kijana, usitoe hela bado. Vuta handbreki, zuia tairi kwa mawe, fungua boneti. Mtu unayemwamini akae ndani, atie gia ya kwanza, aachie klachi kidogo tu mpaka gari litake kuondoka. Wewe simama ubavuni, usisimame mbele. Maunti nzima, injini itainama kidogo na kutulia. Ikinyanyuka vidole vitatu, ujue mpira umeshachanika, na hapo hata maunti mpya za kawaida zitakupa gari jingine kabisa.

La pili, hizo nne hazifanyi kazi moja. Ya kulia na ya kushoto zinabeba uzito. Ya mbele na ya nyuma, zile zilizokaa kwenye boriti ya katikati, ndizo zinazozuia injini isijipindue unapokanyaga mafuta. Tatizo lako liko kwenye hizi mbili.

Mimi niliwahi kufunga ngumu zote nne kwenye Corolla yangu ya AE101. Siku ya kwanza nilifurahi, gia zinaingia kama kisu. Siku ya pili, foleni ya Buguruni, nikitazama kioo cha pembeni lori moja la nyuma naliona mawili. Dashibodi inaimba, sahani ya namba inaimba. Mama watoto hakusema neno, alishuka akapanda daladala. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 750 kwa dakika inapiga mipigo 25 kila sekunde. Mpira laini unaimeza, mgumu unaipeleka yote kwenye bodi, na aliyekaa ndani ndiye anayeipokea.

Kwa hiyo ubavuni weka mpira mpya wa kawaida. Mbele na nyuma weka poliyurethani, ila 85 ni ya mashindano. Ya 70 hadi 75 inakutosha.

Sita_Elfu
Mzee anakutisha tu. Weka chuma tupu, injini haitasogea hata milimita.

FundiMzee_Ilala
Haitasogea, ila braketi itapasuka, maana ule mtikisiko lazima uende mahali. Mwenzio ana watoto kwenye gari.

Mambaru_Nrb
Niaje wazee. Mimi niko Nairobi na Subaru Impreza. Kwetu injini imelazwa mbele kwenda nyuma, na kuna kile kifimbo kinachoshika giaboksi na ukuta wa mbele. Nilibadilisha hicho peke yake nikaweka kigumu, na ule mrusho wa kubadilisha gia ukapungua sana. Swali: ile ya kujaza matundu ya maunti kwa gundi ya kioo cha mbele, inasaidia ama ni porojo?

FundiMzee_Ilala
Inasaidia, ikiwa mpira wenyewe haujachanika. Osha grisi yote kwanza, jaza, halafu iache siku kadhaa ikauke mpaka ndani. Wengi wanafunga kesho yake, inatoka kama ubani uliotafunwa. Na usijaribu kwenye maunti zenye maji ndani.

Kijana wa Tanga, wakati wa kufunga usiweke jeki moja kwa moja kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tanguliza ubao. Boliti zote ziache zimelegea kwanza, tikisa injini ijitafutie mahali pake, ndipo ukaze. Ukikaza moja moja, maunti inakaa imejikunja tangu siku ya kwanza.

Blacktop_Tanga
Mrejesho. Ya kulia ilikuwa imekatika: bisibisi iliingia huku ikatokea kule, na kwa juu inaonekana nzima kabisa! Nimeweka ubavuni mpya za kawaida, mbele na nyuma 75A. Eksozi haigongi tena, na gia ya pili inaingia hata ukiiamsha usingizini. Kilichobaki ni mnguruko kwenye usukani nikiwasha AC nimesimama. Sarafu kwenye kisanduku cha tiketi zinacheza ngoma.

FundiMzee_Ilala
Angalia raba zinazoning'iniza eksozi, pengine bomba linagusa bodi sasa. Kama haligusi, toa sarafu.